Mirabeli na Kalenda ya Ng'ombe

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, nami naandika haraka kabla hamjajuta kuniomba. Vyeo nitaviruka. Katika zizi la farasi cheo chenye maana ni kimoja tu: kama mnyama anakuruhusu kupita nyuma yake bila kukurushia teke. Wengine wenu bado hamjakipata, na ninawajua kwa namna mnavyochechemea.

Nilianza Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, katikati ya kiangazi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na yale niliyouliza mimi akiyaita utovu wa adabu. Tangu hapo nilizunguka. Uvira nilipakia magunia ya mchele, Bukavu niliuza betri na viberiti, Ijwi nilichuma mananasi, kisha nikapanda mashua ya mizigo iliyokuwa ikienda Gisenyi, kwa kuwa sikuwahi kufika. Mji niliokaa muda mrefu kuliko yote ulikuwa Bukavu, na huko nilizuiliwa na homa ya matumbo.

Nyumba ya wageni ya Madamu Goreti ilikuwa kwenye barabara ya ziwani. Nilipopita nje ya ua niliona farasi wawili wakila maua ya bustani, na mama mmoja aliyevaa kitenge akiwatazama kwa hasira ya mtu aliyechoka kukasirika. Nikasimama nikamwuliza kwa nini farasi hacheui kama ng'ombe.

"We ni nani?" akaniuliza.

"Rajabu. Napita tu."

"Unajua farasi?"

"Hapana. Ndiyo maana nauliza."

"Unaogopa?"

"Sijajua bado kama kuna sababu."

"Bon, sawa," akasema. "Kamata ile kamba."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Mama huyo ndiye Madamu Goreti, na farasi hao waliachwa na marehemu mumewe, aliyewanunua ili watalii wawapande ufukweni. Miaka hiyo watalii hawakuwa wakija. Mmoja alikuwa dume aliyehasiwa, jina lake Sajini, mzee mwenye macho ya mtu anayesubiri pensheni. Wa pili alikuwa jike, Mirabeli, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na tabia yake mtaiona mbele.

Kazi nilifundishwa na Mzee Fransisi, mlinzi wa lango, ambaye kabla ya hapo maisha yake yote alichunga ng'ombe huko Nyakiriba. Alinifundisha kumkaribia mnyama kutoka ubavuni, kuongea kabla ya kugusa, na kuisoma samadi kila asubuhi kama wengine wanavyosikiliza redio. Zana zetu zilikuwa brashi ya kufulia nguo, kamba ya katani, na chuma cha kusafishia kwato ambacho fundi baiskeli alikitengeneza kwa mkono wa breki. Hadi leo sijapata kingine kizuri kama kile, na nyinyi wenye vile vya plastiki mtanisamehe. Kasoro ya Mzee Fransisi ilikuwa moja. Kwake mnyama yeyote mwenye kwato alikuwa ng'ombe. Farasi alikuwa ng'ombe aliyenyimwa pembe.

Sijamaliza mwezi, akaja Silvesta. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mkulima wa viazi kule Kanama. Alikunywa chai, akamzunguka Mirabeli polepole, akampima mgongo kwa jicho.

"Shemeji," akamwambia Madamu Goreti, kwa lugha yao ambamo mnyama huitwa nyama, "hii nyama inafanya nini hapa?"

"Inakula."

"Na kesho?"

"Itakula."

"Sasa sikia. Mi niko na mitamba mbili. Nakupa zote. Zikizaa utakamua, utauza maziwa kwa majirani. Mi nachukua hii, inanibebea viazi mpaka barabarani. Kila mutu anapata."

Hakuwa mtu mbaya, na hesabu yake ilikuwa nzuri, jambo lililonitisha zaidi. Mirabeli akienda Kanama, Sajini peke yake hakuhitaji mtu wa kumtunza. Mzee Fransisi angemtosha. Mimi ningerudi barabarani. Na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kurudi. Nilikuwa na maswali mengi juu ya yule farasi, na sikuwa nimejibiwa hata nusu.

Madamu Goreti akasema Mirabeli akizaa atabaki, kwa sababu mtoto wa farasi ni mali ambayo mjini hapo hakuna mwingine aliye nayo. Asipozaa, Silvesta alete mitamba yake, amchukue. Wakapeana mikono mbele yetu, na mbele ya Mirabeli, ambaye wakati huo alikuwa akila kitambaa cha meza.

Farasi dume pekee tuliyemjua alikuwa mjini Goma, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu tu. Lakini kabla ya kumpeleka jike kwa dume ni lazima ujue kama yuko kwenye joto, yaani kama mwenyewe anataka. Nikamwuliza Mzee Fransisi tutajuaje.

"Rahisi. Akitaka dume, analia sana, na anapanda wenzake. Wenzake wakimpanda, anatulia."

"Mzee, Sajini hawezi kupanda hata ngazi."

"Donc, basi, tunaazima ng'ombe."

Tukaazima ng'ombe jike wa jirani, tukamweka uani pamoja na Mirabeli ili tuone nani atampanda nani. Siku ya kwanza walitazamana. Siku ya pili Mirabeli alikula majani ya mgeni wake. Siku ya tatu ng'ombe alilala, na Mirabeli akasimama juu yake akimnusa sikio. Mzee Fransisi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitazama bila kupepesa, kama mtu anayefuatilia mpira. Asubuhi iliyofuata nilimpeleka Sajini ziwani kumwogesha. Niliporudi nilimkuta mzee amesimama langoni, kamba mkononi.

"Umesikia?" akaniambia. "Amelia. Amelia sana. Twende."

Kwamba Mirabeli alikuwa akimlilia Sajini, sikulifikiria wakati huo. Tukaenda.

Mpakani afisa alimtazama Mirabeli, akatutazama sisi.

"Anaenda wapi huyu?"

"Kwa mchumba wake," nikasema.

"Anarudi lini?"

"Leo jioni."

"Basi usiite uchumba," akasema, akagonga muhuri.

Dume huyo, Minisitiri, alikuwa wa Papa Deo, mwanamume mnene mwenye sauti ya kanisani. Alifanya kazi kwa mkulima mmoja Mzungu huko Masisi, na Mzungu alipoondoka alimwachia farasi badala ya maelezo. Minisitiri alitoka bandani ameinua shingo, akamsogelea Mirabeli kwa heshima zote. Mirabeli akalaza masikio, akapiga ukelele, akarusha miguu yote miwili ya nyuma. Teke la kwanza lilitoboa mlango wa mabati. La pili halikuhitajika, maana Minisitiri alikuwa ameshafika nyuma ya migomba, akijifanya ana shughuli huko.

Papa Deo alilitazama tundu la mlango.

"Nani aliwaambia hii muke iko tayari?"

"Alilia," akasema Mzee Fransisi.

"Ata mi nalia, papa. Haina maana niko tayari."

Akatukalisha, akatupa chai, akaanza kutufundisha. Yote niliyokuja kuyajua baadaye juu ya farasi na misimu yalianzia kwenye kigoda alichonikalisha.

"Kule Ulaya," akasema, "wakati wa baridi muchana iko fupi. Farasi jike anaona giza inazidi, anafunga duka. Hataki dume, hataki maneno. Muchana ikirefuka, anafungua. Bon. Mzungu yangu alifika Masisi, akakaa anangojea muchana irefuke. Alingojea miaka mbili. Mi namuuliza, patron, bosi, tunangojea nini? Ananiambia, bado kidogo."

"Na huku mchana hauongezeki," nikasema.

"Huku jua ni ile ile. Huku anafunga kwa njaa. Ona mbavu zake. Kiangazi inamukula. Mvua ikuje, majani ikuje, anenepe, atafungua yeye mwenyewe. Na musiulize ng'ombe. Muulize ule muzee wenu Sajini. Yeye njo atawaambia."

Hapa niwaambie nilichokiona tangu wakati huo, maana wengi wenu mnakimbilia sindano za kuleta joto. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwa hiyo farasi jike aliyelishwa vizuri anaweza kuingia kwenye joto mwezi wowote, kila baada ya wiki tatu hivi. Aliyekonda huacha kuingia kwenye joto wakati wa kiangazi. Aliyeletwa juzi kutoka nchi ya baridi huweza kushika kalenda ya kwao kwa muda, kama mgeni asiyebadili saa yake. Kabla hujamlaumu mnyama, hesabu mbavu, kisha uliza alikotoka.

Kiangazi kilichobaki nilikitumia kumnenepesha. Nilikata majani kwenye mabonde ambako bado kulikuwa na unyevu, nikaomba majani ya viazi vitamu kwa wakulima, na kwa baiskeli ya kukodi nikaleta machicha ya bia kutoka kiwanda cha Nyamyumba, ambako wafugaji wa ng'ombe walikuwa wakiyapigania kila asubuhi. Machicha niliyatoa kidogo kidogo, kwa sababu ng'ombe ana matumbo manne ya kurekebisha makosa yako na farasi ana moja tu. Mirabeli aliyapenda. Wiki za mwisho pumzi yake ilinuka harusi.

Mvua ilikuja, milima ya Kanama ikawa ya kijani, na Mirabeli akaanza kung'aa. Siku moja nikamkuta amemwegemea Sajini. Ameinua mkia pembeni, amechuchumaa kidogo, anakojoa matone matone mbele yake, kisha anageuka kumtazama. Sajini alitazama ziwa. Nilipomtoa Mirabeli alinifuata huku anageuza shingo nyuma, na Sajini akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Amesema," nikamwambia Mzee Fransisi.

"Lakini hajalia," akasema kwa wasiwasi.

Mpakani tulimkuta afisa yule yule.

"Tena?"

"Uchumba wa kwanza ulivunjika," nikasema.

"Inatokea," akasema, akagonga muhuri.

Safari hii Minisitiri alitoka bandani kwa tahadhari kubwa, akikaribia kwa ubavu, tayari kurudi kwenye migomba. Hakukuwa na haja. Yaliyofuata mmeyaona mara nyingi, sina la kuongeza. Papa Deo alituambia tumrudishe baada ya wiki tatu hivi: akimkataa dume, basi ameshika. Tukamrudisha, na Mirabeli akalitoboa bati jipya. Papa Deo alicheka hadi akakaa chini. Tulirudi Gisenyi tukiimba, na Mzee Fransisi, ambaye hakuwa mwimbaji, aliimba kuliko mimi.

Silvesta alipopewa habari hakuimba.

"Ngoja nielewe," akasema. "Wakati wa kiangazi alipiga teke, mukasema haiko tayari. Sasa anapiga teke, munasema iko na mimba. Teke ni ile ile, na mulango ni ule ule."

Alikuwa na hoja. Daktari wa mifugo wa pale, mtu mkweli, alituambia hajawahi kuingiza mkono ndani ya farasi na hakuwa na hamu ya kuanza. Ikabaki kusubiri. Mzee Fransisi akasema tusubiri miezi tisa, na Silvesta akakubali papo hapo. Kila aliyekuwepo aliijua miezi tisa kama anavyojua jina lake. Ndiyo ya ng'ombe, na kwa bahati mbaya ndiyo ya watu pia.

Miezi tisa ilipotimia ilikuwa kiangazi tena. Silvesta alishuka kutoka Kanama na mitamba yake miwili, majirani wawili wa kushuhudia, na kibuyu cha pombe ya ndizi kwa ajili ya kumaliza maneno vizuri. Wote wakamzunguka Mirabeli. Tumbo lilikuwa kubwa, hakuna aliyebisha.

"Hiyo ni tumbo ya machicha," akasema Silvesta. "Mi najua watu Nyamyumba wako nayo."

Madamu Goreti akamwomba Mzee Fransisi apime. Mzee akainama, akapapasa kiwele kwa mikono iliyopapasa ng'ombe wa milima mizima. Kiwele kilikuwa kidogo na kikavu. Alipoinuka hakunitazama.

"Kama ni ng'ombe," akasema, "huyu haiko na kitu."

"Siyo ng'ombe, mzee."

"Najua siyo ng'ombe, Rajabu. Lakini mi najua ng'ombe."

Silvesta alikuwa tayari anafungua kamba. Nilimsihi Madamu anipe muda wa kufika Goma na kurudi, nikaondoka mbio kabla hajajibu. Papa Deo nilimkuta ananyolewa. Alipata habari akiwa amenyolewa nusu ya kidevu, akavaa koti, akafunga tai, akaja hivyo hivyo. Alipofika alisalimia kila mmoja kwa mkono, hata majirani, kisha akasema, "Miezi kumi na moja."

Jirani mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Kumi na moja," akasema Silvesta. "Anatengeneza nini muda yote hiyo? Tembo?"

"Fikiria, papa. Alipandwa wakati wa majani. Akizaa leo, mutoto anakuta nini? Vumbi. Mama anakonda, maziwa inakauka, mutoto anakufa. Akingoja mvua, mutoto anakuta majani, na maziwa iko. Hii nyama haina akili mingi, lakini iyo moja iko nayo."

"Na umeona na macho yako?"

"Mi nimeona. Na nimengoja kama wewe. Mi pia nilisema miezi tisa. Nilimuita Mzungu mbele ya batu yote, akakuja na chupa, hakuna kitu. Kisha nikangoja na aibu mpaka kumi na moja."

Nadhani aibu hiyo ndiyo iliyomfanya aaminike; mtu haji na tai na nusu ndevu kusimulia aibu ya uongo. Mzee Fransisi alimtazama kama ndugu aliyepotea.

Madamu Goreti akauliza jambo moja tu. "Mvua itakuja?"

"Mvua itakuja," tukasema wote, hata Silvesta.

"Basi tunangojea mvua. Mitamba inabaki hapa, Mirabeli anabaki hapa. Oktoba ikiisha bila mutoto, mitamba ni yangu na farasi ni yako."

"Na mitamba zangu nani atazilisha, Shemeji?"

Wote wakageuka kunitazama.

Kiangazi hicho nilikata majani ya farasi wawili na mitamba wawili, kwenye milima ambayo haikuwa na majani ya mbuzi mmoja. Kila Jumapili baada ya misa Silvesta alishuka na nguo za kanisani, akainama chini ya tumbo la Mirabeli, akainuka, akarudi Kanama. Jumapili ya tatu Mirabeli alimvua kofia na kuitafuna ukingo. Silvesta alisema hata hilo haliwezi kuhesabiwa kama dalili. Mimi nilikuwa nalala na kuamka na swali moja, je, Papa Deo amekosea hesabu? Begi langu nililifunga mara mbili, na mara mbili nikalifungua kwa sababu sabuni ilikuwa ndani.

Mvua za kwanza zikanyesha. Wiki chache baadaye kiwele kilianza kujaa, tena haraka, kama mtu aliyekumbuka kazi dakika ya mwisho. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi niliona kwenye ncha za chuchu vitone vikavu vya njano, mithili ya nta. Nikamwita Mzee Fransisi. Aliinama, akatazama, akagusa kwa kidole kimoja.

"Ng'ombe haiko na hii," akasema polepole.

Katika muda wote niliomjua, ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno ng'ombe kwa mashaka.

Jumapili alfajiri nilipoingia bandani alikuwepo tayari. Mtoto jike, mwenye rangi ya mama yake na uso wa Minisitiri, amesimama kwa miguu minne iliyofunguka kama ngazi ya fundi rangi, ananyonya. Mirabeli alinitazama kana kwamba nimechelewa kazini. Mitamba wawili walikuwa wamechomoza vichwa juu ya ubao, wakishangaa.

Silvesta alikuja baada ya misa. Alisimama mlangoni akiwa na kofia yake iliyotafunwa, akatazama muda mrefu. Mtoto akamkimbia, akazunguka banda, akarudi.

"Amezaliwa lini?"

"Leo asubuhi," nikasema.

"Na anakimbia?"

Mzee Fransisi alikuwa ameketi kwenye ndoo yake, anatabasamu peke yake. "Ona miguu," akasema. "Ile miezi mbili yote ilikuwa ya miguu."

Silvesta alimpa Madamu Goreti mkono, akaenda kuwafungua mitamba wake, waliokuwa wamenenepa kwa jasho langu. Akiwa na kamba mkononi akauliza, kwa adabu tu, "Sasa huyu mama atapandwa tena lini? Mwaka kesho?"

Jibu nililijua, maana Papa Deo alishanichosha nalo. Farasi jike hurudi kwenye joto siku chache tu baada ya kuzaa, kusudi asiupoteze msimu wa majani.

"Wiki ijayo," nikasema.

Mzee Fransisi alisimama kutoka kwenye ndoo. "Ng'ombe anapumzika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemwonea aibu jirani.

Silvesta alimtazama Mirabeli, akamtazama mtoto, akafikiri. Kisha akamfunga tena mtamba mmoja kwenye nguzo, akavuta kigoda.

"Shemeji," akasema, "ule mutoto wa pili atakayekuja tunaweza kuuongea. Huu mtamba ubaki hapa."

Madamu Goreti akaagiza chai. Kabla hajakaa alinigeukia mimi.

"Rajabu, nenda kwa Papa Deo. Mwambie wiki ijayo tuko kwake. Na asitengeneze ule mulango kwanza."

Nilisimama nikipiga hesabu. Miezi kumi na moja ya mimba, siku chache za kupumua, kisha dume tena, na majani yale yale ya mvua. Mwaka mzima umejaa. Nilitafuta ndani yake upenyo ambao mtu angeweza kutokea akaenda zake. Ulikuwepo mmoja, wa wiki moja tu, na wiki hiyo kulikuwa na mtoto wa kuzoeshwa kamba.

Nikaenda Goma.